Mimi si Herufi S

Mwezi uliopita mpwa wangu, ambaye ni karani katika kampuni moja ya mizigo hapa Mombasa, alirudi nyumbani jioni na bahasha mkononi, akamkabidhi mamake kama mtu aliyeleta cheti cha shule. Ati siku mbili nzima walikuwa ukumbini wakisomeshwa habari za hulka za watu, wakajibu maswali chungu nzima, na mwisho kila mmoja akaambiwa yeye ni mtu wa aina gani. Yeye alitoka herufi I, na rangi yake ni manjano. "Mama," akasema, "sasa nimejua kwa nini sipendi hesabu. Watu wa I si watu wa hesabu." Dada yangu, ambaye hajapata kuingia ofisi ila alipokwenda kuchukua kitambulisho, alimtazama kitambo kisha akamwuliza, "Na jana uliponidai chenji ya samaki, ulikuwa herufi gani?"

Tulicheka sote, na kijana naye akacheka. Lakini usiku nilipokwenda kulala ile karatasi ilinirudia. Naijua. Mwaka 2014 nami nilipewa yangu, si hapa pwani bali Kiirua, katika nchi ya Wameru, na yaliyonipata kabla ya kupewa na baada ya kupewa ndiyo yanayonifanya nishike kalamu leo. Kwani naona mtindo huu umeenea. Waajiri wanaulipia fedha, vijana wanaandikwa herufi kama magunia ya forodhani, na sijasikia anayeuliza kama herufi hizo zinawafanya watu waelewane zaidi wanapofanya kazi pamoja.

Kwa msomaji ambaye hajaiona, karatasi yenyewe ni hivi. Unawekewa maneno mafungu mafungu, nawe unachagua lile linalokufanana zaidi na lile lisilokufanana kabisa. Majibu yakijumlishwa unaingizwa katika moja ya aina nne. D ni mtu wa kuamrisha, mwenye haraka, asiyetaka maneno mengi. I ni mchangamfu, mwenye kuwavuta watu kwa ulimi. S ni mtulivu na msikilizaji, apendaye mambo yaende taratibu. C ni mchunguzi, mtu wa kanuni na tarakimu. Asili ya mafungu haya ni kitabu alichokichapisha Mmarekani William Moulton Marston mwaka 1928 juu ya hisia za watu wa kawaida. Na bwana huyo, ukipenda kujua, ndiye pia aliyembuni Wonder Woman, yule mwanamke shujaa wa vitabu vya michoro, mwaka 1941. Karatasi za kupimia watu zilitungwa na wengine, si yeye. Ipo na mizani nyingine yenye sifa kubwa zaidi, ya Isabel Briggs Myers na mamake Katharine Briggs, iliyotokana na mawazo ya daktari Carl Jung wa Uswisi, nayo inawagawa wanadamu katika aina 16. Wataalamu wengi wa elimu ya nafsi wameilaumu hiyo kwa jambo moja zito: mtu akipimwa leo, akapimwa tena baada ya wiki chache, mara nyingi hutoka aina nyingine. Sasa ni mizani gani hiyo, ambayo kilo ya Jumatatu si kilo ya Alhamisi?

Wala kwetu jambo hili si geni. Neno lenyewe tulitumialo, tabia, tumelitoa katika Kiarabu, na matabibu wa zamani walipozitaja tabia walikusudia maumbile manne ya vitu: joto, baridi, unyevu na ukavu. Juu yake wakajenga elimu ya mwili wenye damu, balghamu, safura na sauda (safura siku hizi tumeiachia minyoo tu). Elimu hiyo ilianza kwa Wayunani, kwa Hippocrates na Galen, Waarabu wakaipokea, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akaipanga katika kitabu chake cha Qanun ambacho kilisomwa karne baada ya karne mashariki na magharibi. Masalio yake tunayo majumbani mpaka leo: bibi anapokukataza kula kitu fulani kwa kuwa ni cha baridi, hasemi habari ya barafu. Mtu wa safura alihesabiwa mwepesi wa hasira, wa damu mchangamfu, wa balghamu mpole na mzito, wa sauda mwenye fikira nyingi. Yaweke hayo kando ya D, I, S na C uone yanavyofanana kama ndugu wa tumbo moja. Tofauti ni kwamba Ibn Sina alifundisha ya kuwa kila mtu ana mchanganyiko wake mwenyewe, tena mchanganyiko huo hugeuka kwa umri, kwa majira na kwa mahali anapokaa. Tabibu yule alilazimika kukutazama wewe uliyeketi mbele yake. Mwenye karatasi hana haja ya kukutazama.

Sasa nije Kiirua. Iko upande wa Buuri, kaskazini ya Mlima Kenya, si mbali na mji wa Meru, katika nchi inayoteremka kuelekea Isiolo na ukame. Asubuhi kuna baridi ya kumfanya mtu wa Lamu akumbuke makosa yake yote. Wapwani walioisikia, wengi wameisikia kwa sababu ya hospitali yake ya misheni ya St. Theresa. Watu wanalima viazi na mahindi, na penye maji ya kumwagilia wanalima yale maharagwe mabichi membamba ya kupelekwa Ulaya, ambayo huko bara huitwa mishiri. Mimi nilikwenda kuwa karani wa mapokezi katika kituo kimoja cha kukusanyia mishiri hiyo. Wakulima wadogo, waliojiunga katika vikundi, huchuma alfajiri na kuleta kwa kreti. Akina mama wa kibarua huketi kwenye meza ndefu wakichambua, iliyopinda wanaitupa, iliyonyooka wanaipanga kwa unene. Kisha huingizwa chumba cha baridi, na usiku lori huondoka kwenda uwanja wa ndege Nairobi.

Madaftari nilishika mimi, na daftari zito kuliko yote lilikuwa la dawa za wadudu. Kila dawa ina siku zake zilizoandikwa kwenye chupa: ukiipiga leo, usichume mpaka siku hizo zipite. Tangu Januari 2013 Umoja wa Ulaya ulikuwa umeamuru kwamba katika kila shehena 100 za mishiri ya Kenya, 10 zipimwe zinapoingia, kwa kuwa yalikuwa yamekutwa mabaki ya dawa yaliyopita kiasi. Kwa hiyo kosa la mkulima mmoja wa Kiirua lingeweza kugunduliwa mezani kwa mpimaji aliye mbali, na adhabu ikarudi kwa kituo kizima.

Jumamosi moja kikundi kimoja kilileta mzigo mzuri kwa macho, kijani kitupu, kreti baada ya kreti. Nikafungua daftari lao. Dawa ilipigwa Jumanne. Chupa yasema siku saba. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto wa chuoni: Jumanne hadi Jumamosi, siku nne. Moyo ukanipiga. Msimamizi wetu alikuwa amesimama mlangoni na wakulima wawili na dereva wa lori. Alikuwa mwenyeji wa hapo hapo, mtu wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kumwita ng'ombe aliye bonde la pili. Nikamwendea kwa adabu zangu zote, nikamwambia, "Bwana, hawa jamaa naona kama kwamba wamefanya haraka kidogo. Sijui wewe waonaje."

Akatazama zile kreti, akasema, "Hao ni watu wa bidii. Pakia."

Nikapakia.

Wewe msomaji wa pwani umeshanielewa nilichosema, wala huhitaji tafsiri. Kwetu, kumkabili mkubwa wako mbele ya watu ukamwambia tarehe hizi mbaya, zuia mzigo, ni kama kumvua nguo. Unasema nusu, nusu ya pili anaijaza mwenyewe, na kule kumwachia aijaze ndiko kumheshimu. Tumelelewa hivyo. Jirani akikuudhi humwendei mlangoni kwake. Mkeo ananunua leso yenye maneno yake, anaivaa na kupita nayo uani mara tatu, na habari imekwisha fika. Mwenye akili hupewa fumbo, na kumwambia mtu jambo wazi kabisa ni kama kumwambia hana akili ya kulifumbua. Tunajivunia hayo, na nami najivunia. Lakini Kiirua hakuna aliyekuwa akisoma leso yangu.

Mzigo ule ulikamatwa. Barua ilikuja baada ya siku kadhaa, na mnunuzi akasema hatapokea kitu kutoka kituo chetu mpaka mambo yachunguzwe. Wiki tatu meza ndefu zilikaa tupu. Mimi na msimamizi tuliendelea kupata mishahara yetu, maana tulikuwa tumeandikwa. Waliokosa ni akina mama wale zaidi ya thelathini, ambao hulipwa kwa siku waliyofanya kazi, na wakulima wa vikundi vingine ambao hawakufanya kosa lolote, mishiri yao ikaishia kuwa chakula cha ng'ombe. Mama mmoja ambaye kwa mchambuo huo alikuwa akisomesha watoto wawili alikutana nami njiani sokoni, akanisalimu vizuri kama siku zote. Nilitamani asinisalimu.

Msimamizi aliniita. "Kuja hapa," akasema. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukusema."

"Nilisema."

Akayarudia maneno yangu ya Jumamosi ile neno kwa neno. Kumbe aliyasikia yote. "Wewe uliniambia wamefanya haraka," akasema. "Mimi niliona unawasifu." Hakuwa akinifanyia mzaha. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesomewa hukumu katika lugha asiyoijua. Nami nilishindwa kumjibu, kwa sababu alikuwa kweli, na mimi nilikuwa kweli, na mishiri ilikuwa imekwisha kamatwa.

Nikiri na upande wangu. Tangu nifike nilikuwa nimemhukumu bwana yule kuwa ni jeuri. Kila siku ilikuwa "leta", "weka", "kuja hapa", bila naomba wala tafadhali, tena hata si "njoo" bali "kuja", na kwa sikio la Lamu hilo lakwaruza mara mbili, kwa adabu na kwa sarufi. Niliandikia nyumbani kwamba nimepata bosi asiyefunzwa. Baadaye, katika zile wiki tatu za ukame, nilimkuta asubuhi akizungumza na bibi kizee mmoja aliyekuja kuuliza habari ya mishiri yake. Wakizungumza Kimeru. Yule mrefu aliinama mpaka kichwa chake kikawa sawa na cha bibi, sauti ikashuka, akangoja bibi amalize, akauliza neno, akangoja tena. Maneno sikuyaelewa, lakini mwendo wa sauti niliuelewa, kwani ndio mwendo ninaozungumza nao na mama yangu. Bwana yule alikuwa na heshima tele. Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya shule na ya kazi, hakuna aliyemfunza kukitumia kwa upole, basi upole wote alikuwa ameuacha katika Kimeru. Na mimi, kwa upande wake, kila niliposema inshallah alidhani ninakimbia. Aliwahi kuniambia kwamba kwa mwezi mzima hakuweza kujua inshallah yangu ni ndiyo, hapana, au niache nifikiri.

Na hili linachekesha zaidi ukikumbuka Wameru wenyewe wanavyosimulia asili yao. Wazee husema walitoka Mbwaa, mahali penye bahari, walikokimbia dhuluma ya watu wa nguo nyekundu. Na wanahistoria, Jeffrey Fadiman akiwa mmoja wao, wameihusisha Mbwaa hiyo na kisiwa cha Manda. Mimi nimezaliwa nikiitazama Manda ng'ambo ya maji. Mzee mmoja aliponiuliza kwetu wapi, nikamweleza, alinitazama juu hadi chini akasema, "Ni nyinyi mliotufukuza. Na sasa mnatufuata na madaftari."

Basi baada ya hasara ile wakubwa waliamua kwamba shida ya kituo ni mawasiliano, wakaleta mwalimu na karatasi zake. Sitaki kumdharau, alikuwa mtu mwema, na siku ile ilikuwa na faida. Kwa mara ya kwanza tulikaa chumba kimoja tukiambiwa kwamba mwenzako anaweza kusema kwa namna nyingine asiwe adui wala mjinga. Tulicheka. Msimamizi alitoka D, kama kila mtu alivyotazamia, na mwenzetu aliyekuwa akizungukia mashamba akatoka C. Mimi nikatoka S: mtulivu, mwepesi wa kukubali, asiyependa ugomvi. Nilipoisoma niliona imenielezea vizuri sana. Ndiyo hatari yake.

Kwani haukupita mwezi, herufi zikawa majina. Ikitafutwa zamu ya usiku isiyotakiwa na mtu, utasikia, "Mpeni S, hatakataa." Siku moja nilipinga jambo kwa sauti, jambo la hesabu ambalo nilikuwa na hakika nalo, na badala ya kunijibu hoja yangu wakaulizana leo S amekunywa nini. Hoja ikafa hapo hapo. Naye msimamizi, ambaye baada ya siku ya yule bibi kizee nilikuwa nimeanza kumwona mtu mwingine, akapata kibali cha kurudi nyuma: akimfokea mtu husema, "Mimi ni D, nivumilieni." Mtu ambaye angeweza kuinama mpaka sawa na kichwa cha bibi aliambiwa kwa karatasi kwamba kuinama si maumbile yake. Sisi Waislamu tunayo aya ya 11 ya Suratul Hujurat, inayotukataza kuitana kwa majina ya kutwezana, na nilizoea kuichukulia kama inahusu matusi ya barazani. Sikujua kwamba jina laweza kuletwa na mwalimu, limepigwa chapa, lina rangi ya kijani, na bado likafanya kazi ile ile.

Lakini kubwa zaidi kwangu ni hili, na ndilo ninalowalaumu nalo waajiri. Akina mama wa mezani hawakupewa karatasi. Mafunzo yalikuwa ya walioajiriwa tu. Miezi kadhaa baadaye, nikizungumza na yule mama wa watoto wawili, aliniambia kwamba Jumamosi ile walipofunua kreti walisikia harufu ya dawa, yeye na wenzake wawili, wakatazamana. Nikamwuliza kwa nini hawakusema. "Nimwambie nani?" akasema. "Nikisema mzigo ni mbaya, mzigo ukirudishwa, siku yangu imelipwa na nani?" Nikabaki kimya. Mpime mama huyo kwa karatasi yoyote utakayo, itakuambia ni mtulivu, msikilizaji, apendaye mambo yaende taratibu. Ungemwandikia S kama yangu. Na ungekuwa umekosea kabisa, maana nimemsikia sokoni akishindana bei ya viazi, wallahi hata wakili hamwezi. Kunyamaza kwake mezani ni hesabu ya mkate wa watoto, na hesabu aliipiga sawasawa. Ofisi ngapi zinaita hulka kitu ambacho ni woga wa kufukuzwa, kisha zinalipia semina badala ya kuuondoa woga?

Watu wa ndege waliyajua haya kwa bei kubwa sana. Machi 27, 1977 ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana katika uwanja wa kisiwa cha Tenerife, watu 583 wakafa. Katika ile iliyokuwa ikianza kukimbia ili iruke, fundi aliyekaa nyuma ya marubani aliuliza kama ile nyingine haijaondoka njiani. Aliuliza tu, kwa namna ya swali, na rubani mkuu akamjibu kwa uhakika kwamba imeondoka. Nilipoisoma habari hiyo niliisikia sauti yangu mwenyewe: sijui wewe waonaje. Karibu nasi, Mei 5, 2007 ndege ya Kenya Airways ilianguka punde tu baada ya kuruka Douala, Kamerun, wakafa wote 114 waliokuwamo, na taarifa ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2010 ilihesabu kukosekana kwa uelewano wa kazi baina ya marubani miongoni mwa yaliyochangia. Dawa ambayo mashirika ya ndege yamekuwa yakiifundisha tangu miaka ya 1980 haihusu kumjua mwenzako ni rangi gani. Mdogo hufundishwa kuitaja hatari kwa jina lake, waziwazi, na akipuuzwa aitaje tena. Mkubwa hufundishwa kumwuliza mdogo kabla hajaambiwa. Yaani wamebadilisha kanuni ya chumba, kila mtu abaki na hulka aliyozaliwa nayo.

Na hata kwetu Kiirua kilichosaidia hakikuwa herufi. Chini kabisa ya ile karatasi, ukurasa wa mwisho ambao mwalimu alikaribia kuuruka kwa kuwa chai ilikuwa tayari, palikuwa na swali moja: mtu akitaka kukupa habari mbaya, akupe vipi? Tuliandika majibu haraka haraka, yakasomwa. Msimamizi alikuwa ameandika: niambie kwanza neno simamisha, halafu unieleze. Mwenzetu wa mashambani aliandika: niandikie, kwa kuwa nikiambiwa tu nitasahau. Mimi niliandika: usiniulize mbele ya watu, nivute kando. Majibu matatu, watu watatu, na hakuna aliyehitaji kuitwa kitu.

Nilichukua muda kulizoea neno lile. Kinywa changu kilikataa. Mara ya kwanza nilipolisema, ilikuwa juu ya mlango wa chumba cha baridi uliokuwa haufungiki sawasawa, nilianza kwa "Bwana, samahani," nikajikata, nikasema, "Simamisha." Akasimama pale pale, kreti mkononi, akanigeukia akingoja. Hakukasirika. Nilikuwa nimengoja ghadhabu mwaka mzima, na haikuwapo. Naye akaanza kunivuta kando, nyuma ya lori, akishusha ile sauti yake kadiri ilivyoweza kushuka, ambayo wakulima walisema bado waliisikia. Swali hilo baadaye tulilipeleka mezani kwa akina mama, mimi na yeye, bila mwalimu. Jibu lao lilikuwa fupi kuliko yetu yote: siku yetu ilipwe hata mzigo ukirudi. Ilichukua miezi kuwashawishi wakubwa, wakakubali nusu ya siku. Baada ya hapo nilikuwa nikiletewa kreti za mashaka kila wiki.

Kwa hiyo sisemi karatasi hizo zichomwe. Ikiwa zinamfanya mtu ajiulize nimseme vipi huyu ili anisikie, zina thamani yake, na mtu wa pwani anazihitaji pengine kuliko wengine, kwa sababu sisi hudhani kwamba dunia nzima imelelewa barazani. Lakini mwajiri anayezitumia kuamua nani apandishwe cheo na nani asipandishwe anafanya ramli, hata akiwa amevaa tai. Mpwa wangu nilimkumbusha habari ya Nabii Musa, aliyejijua ulimi wake, akamwomba Mwenyezi Mungu ampe nduguye Harun amsaidie kwa kuwa ni fasaha zaidi. Alijijua, na bado alikwenda kwa Firauni. Hakubaki nyumbani akasema watu wa aina yangu si watu wa kuhutubia. Kijana alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Sawa, mjomba," na kwa namna alivyoitamka nilijua kwamba maana yake ni hapana. Sisi ni watu wa mji mmoja, tunaelewana.

Yule msimamizi bado tunapigiana simu, hasa siku za Idi, hukumbuka kila mwaka. Mwaka huu sauti yake ilikuwa ile ile ya ng'ombe wa bonde la pili, nikaiweka simu mbali kidogo na sikio. "Wewe," akasema, "kuja Kiirua."

"Inshallah," nikamjibu.

Akanyamaza kidogo. "Hiyo ni ya ndiyo au ya hapana?"

"Ya ndiyo," nikasema. "Mwezi wa nane, baada ya baridi."